Barua ya wazi kwa wenye Des Moines Register: mwandishi arudi kwenye miji ya nyama

Kwa wakurugenzi wa kampuni inayomiliki gazeti la Des Moines Register, na kwa wahariri wake mjini Des Moines, Iowa, Marekani.

YAH: WAANDISHI WA HABARI KATIKA MIJI YA VIWANDA VYA NYAMA

Waheshimiwa,

Salaam nyingi. Naandika kwa Kiswahili kwa kusudi. Binti yangu ataitafsiri barua hii na kuifikisha ofisini kwenu, lakini nataka waisome kwanza watu wangu: Wakongo, Warundi na Watanzania wa Des Moines, Waterloo na Cedar Rapids, wanaolipa kodi Iowa na kukata nyama inayoliwa Marekani nzima, na ambao wengi wao hawajawahi kulishika gazeti lenu. Mimi nimelishika. Kwa miaka miwili nililishika kila usiku, nakala mia mbili na ushei, na kila moja niliifikisha mlangoni kwa mwenyewe.

Kazi ilianza saa nane usiku. Tulikutana kwenye ghala, wengi wetu wageni wa nchi hii, kila mtu na meza yake. Unakata kamba ya kifurushi, unakunja gazeti, unalivisha mpira, na usiku wa theluji kila nakala inaingia kwenye mfuko wake wa plastiki. Wino unajaa kwenye mistari ya vidole na hautoki kwa sabuni ya kawaida. Kisha unapanga magazeti kwenye kiti cha abiria mpaka yanafika usawa wa dirisha, unaondoka. Kiingereza changu kilianzia hapo. Nikisubiri gari lipate joto nilikuwa nasoma vichwa vya habari kwa sauti, na neno nisilolijua naliandika kwenye kiganja ili nikamwulize binti yangu asubuhi kabla hajaenda shule.

Kule Beaverdale, mtaa mmoja wa Des Moines, palikuwa na bibi mmoja ambaye taa ya barazani kwake ilikuwa inawaka kabla sijafika. Alfajiri moja ya Februari nilimkuta amesimama mlangoni, koti juu ya nguo ya kulalia. Akaniomba nakala sita za ziada. Mumewe alikuwa amefariki, na tanzia yake ilikuwa imetoka siku ile. Nilikuwa na nakala nne za akiba, nikampa zote. Alilifungua gazeti palepale, katika baridi ile inayokata masikio, akafunua kurasa mpaka akaifikia, akaweka kidole juu ya picha. Akanitajia jina la marehemu, akalirudia ili nilishike. Alikuwa fundi wa matrekta.

Kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, nilikokulia, hatukuwa na gazeti. Tulikuwa na Radio Kwizera, na tulikuwa na mbao za matangazo. Ikibandikwa karatasi ya majina, watu wanasukumana, na kila mmoja anashusha kidole taratibu kutoka juu hadi chini akitafuta jina lake au la nduguye. Kidole cha yule bibi nilikuwa nakijua tangu utotoni.

Tangu siku ile nikataka kujua gazeti hili limetoka wapi, nikawa nakwenda maktaba ya jiji kila nipatapo mapumziko. Niliyoyakuta huko ndiyo yaliyonipa ujasiri wa kuwaandikia.

Mwaka 1849, mahali hapa palipokuwa bado panaitwa Fort Des Moines, Barlow Granger alianza kuchapa gazeti liitwalo Iowa Star ndani ya kibanda cha magogo kilichoachwa wazi, karibu na pale mto Raccoon unapoingia mto Des Moines. Majina yalibadilika, wenyewe wakabadilika. Mwaka 1903 likanunuliwa na Gardner Cowles, mtu wa benki kutoka mji mdogo wa Algona, kaskazini mwa jimbo, aliyeungana na mhariri Harvey Ingham, wa Algona vilevile. Hawa wawili walitoka mji mdogo, na nadhani ndiyo maana hawakuridhika na wasomaji wa Des Moines peke yao. Iowa ina kaunti 99. Walilitaka gazeti lifike zote, na likafika: kwa treni, kwa malori, kwa watoto wenye baiskeli, na baadaye wakanunua hata ndege ya kuwapeleka waandishi na wapiga picha kwenye tukio na kuwarudisha kabla mitambo haijaanza kuzunguka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, toleo la Jumapili lilikuwa likiuzwa zaidi ya nakala 500,000 katika jimbo lenye watu kama milioni 2.6. Pigeni hesabu mwone lilikuwa limeingia nyumba ngapi. Kichwani mwa ukurasa wa kwanza waliandika kwamba hili ndilo gazeti ambalo Iowa inalitegemea, na wasomaji wakakubali.

Kuna mambo mengi ya kujivunia, mengine nitayapita mbio kwa sababu mnayajua. Katuni za Jay Norwood Darling, aliyetia saini "Ding", zilizotoka ukurasa wa mbele na kumpatia Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, mara mbili, 1924 na 1943. Kura ya maoni ya Iowa Poll, iliyoanza 1943, wakati magazeti mengi yalikuwa bado yanakisia tu watu wanafikiri nini. Safari ya baiskeli ya RAGBRAI, iliyoanzishwa 1973 na waandishi wenu wawili waliotaka kuvuka jimbo wakiandika habari, na leo maelfu ya watu huvuka Iowa kila Julai.

Lakini kuna tahariri moja ambayo nimeisoma mara nyingi. Februari 1955, wakati Marekani na Urusi ya Kisovieti zilikuwa zinatishana kwa mabomu, Lauren Soth, mhariri wa ukurasa wa maoni, aliandika kuwaalika wakulima wa Kisovieti waje Iowa waone mahindi yanavyolimwa na nguruwe wanavyofugwa hapa. Alikuwa mhariri wa gazeti la jimbo la wakulima, hana balozi, hana jeshi. Majira ya joto mwaka uleule ujumbe ukaja kweli, na wakulima wa Iowa nao wakaenda kule. Mwaka 1959 Khrushchev mwenyewe, kiongozi wa Kisovieti, alisimama katika shamba la Roswell Garst, huko Coon Rapids, katikati ya mahindi. Soth alipata Pulitzer 1956. Kwangu mimi niliyekimbia vita, mtu aliyewaalika waliohesabiwa kuwa maadui waje watazame mahindi anastahili heshima kubwa.

Sasa nifike kwenye nyama, maana ndiko ninakowapeleka.

Mwaka 1967 mwandishi wenu Nick Kotz, aliyekuwa Washington, alianza kuandika kuhusu machinjio na viwanda vya nyama. Sheria ya wakati ule ilikuwa na tundu. Wakaguzi wa serikali kuu walikagua nyama iliyovuka mpaka wa jimbo tu. Nyama iliyochinjwa na kuuzwa ndani ya jimbo hilohilo iliachiwa majimbo yenyewe, na mengi yalikuwa na ukaguzi hafifu au hayana kabisa. Kotz alizichukua ripoti za wakaguzi zilizokuwa zimelala makabatini, akaandika yaliyomo: uchafu, nyama ya wanyama wagonjwa, panya. Akaandika tena na tena. Neal Smith, mbunge wa Iowa, alikuwa miongoni mwa walioupigania muswada, na Desemba 1967 Rais Lyndon Johnson akatia saini Sheria ya Nyama Safi. Mwaka uliofuata Kotz alipewa Pulitzer. Kila kipande cha nyama kinachouzwa dukani leo kinafuata sheria ambayo gazeti lenu lilisaidia kuileta.

Sheria ile ilimlinda mlaji. Mwenye kisu mkononi ni nani siku hizi? Ni sisi. Nendeni kwenye lango la kiwanda chochote kikubwa cha nyama Iowa wakati zamu inabadilishana, msikilize. Mtasikia Kihispania, Kibosnia, Kiburma, na mtasikia Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda.

Mimi nilifanya kazi katika kiwanda kimoja kabla ya kuhamia Des Moines. Sitakitaja, wala mji wake. Ndani ni baridi kama jokofu, laini, yaani mkanda unaopitisha nyama mbele yenu, haisimami, na baada ya wiki chache unaamka vidole vimekunjamana kama vingali vimeshika kisu, inabidi uvinyooshe kimoja kimoja kwa mkono wa pili. Dada mmoja tuliyesimama naye bega kwa bega, mama wa watoto wanne kutoka Fizi, Kongo, alivimba kiwiko hadi akashindwa kuinua sufuria nyumbani kwake. Aliitwa ofisini, akapewa karatasi ya Kiingereza, akaambiwa aweke sahihi. Akaweka. Wiki tatu baadaye hakuwa na kazi, na hakujua alikuwa amekubali nini. Aliniletea nakala ya ile karatasi ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya kitenge, nikamsomea kwa Kiingereza changu cha wakati ule, neno kwa neno, nikiruka nisiyoyajua. Akaniuliza: haya mambo hapa huwa anaambiwa nani? Kambini tungeenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Sikuwa na jibu la kumpa. Mji ule ulikuwa na kituo cha mafuta, makanisa manane na shule, na sikuwahi kumwona mwandishi wa habari hata siku moja.

Halafu ikaja korona. Majira ya kuchipua ya 2020, viwanda vya nyama vya Iowa viliwaka kama nyasi kavu: Columbus Junction, Perry, Waterloo. Katika kiwanda kimoja cha Waterloo peke yake, walioambukizwa walizidi 1,000, na Wakongo walikuwa wengi miongoni mwao. Nakumbuka simu yangu wiki zile. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp kutoka kwa watu nisiowajua, mmoja akisema kunywa tangawizi na limau, mwingine akisema ukipimwa unarudishwa Afrika, mwingine akisema fulani amekufa, kumbe yuko hai, na fulani wa pili yu hai, kumbe tumeshamzika. Waandishi walikuwapo, nao walifanya kazi, magazeti yaliandika, na ninyi mliandika. Tatizo ni kwamba habari zile zilituhusu sisi na hazikutufikia. Ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa wasomaji wa mjini, wakati mwenye kuzihitaji saa ileile alikuwa anavaa buti aende kazini.

Najua mtanijibu kuhusu fedha. Nami nataka niseme kuhusu fedha, kwa sababu katika nyumba yetu tumekaa na kalamu na kusoma.

Gazeti la jioni la nyumba yenu, Des Moines Tribune, lilifungwa 1982. Mwaka 1985 familia ya Cowles na wenye hisa wenzao waliuza kwa kampuni ya Gannett, na tangu hapo maamuzi makubwa hayafanyiki Iowa. Mwaka 2013 chumba cha habari kiliondoka kwenye jengo lake la zamani, namba 715 mtaa wa Locust, mlilolijenga 1918, na leo mle watu wamepanga vyumba vya kuishi. Mwaka 2019 kampuni nyingine ya magazeti, GateHouse, iliinunua Gannett na kulichukua jina lake, kwa mkopo wa karibu dola bilioni 1.8 na riba ya asilimia 11.5. Riba hiyo mtu wa Kigoma anaijua. Ni riba ya kukopa wakati wa njaa. Agosti 2022 kampuni ilipunguza wafanyakazi 400 nchini kote na kuacha mamia ya nafasi bila kuzijaza, na mwaka huohuo ikayashauri magazeti yake yapunguze kurasa za maoni. Mwaka 2025 kampuni ikabadili jina, ikajiita USA TODAY Co.

Sikatai kwamba matangazo yamekimbilia kwenye simu. Matangazo madogomadogo ya magari na nyumba, yaliyokuwa yakijaza kurasa nzima, yameondoka na hayarudi. Lakini mwenye duka aliyekopa ili anunue maduka mengine, kisha akapunguza unga kwenye mfuko ili alipe deni, hawezi kumlaumu mteja anayeona mkate umekuwa mdogo. Mimi mwenyewe niliuona unapungua. Katika miaka ile miwili mpira wa kufungia haukubadilika, lakini ulianza kulegea kwenye gazeti, mpaka ikabidi niuzungushe mara mbili.

Nataka mjue pia kwamba siandiki kama adui. Mei 2020 mwandishi wenu Andrea Sahouri alikamatwa na polisi akiwa kazini, akiripoti maandamano hapa Des Moines, akapelekwa mahakamani. Mlisimama naye, na Machi 2021 baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru. Desemba 2024 Donald Trump aliwashtaki ninyi na Ann Selzer, aliyeendesha Iowa Poll kwa miaka mingi, kwa sababu kura ya maoni ya mwisho kabla ya uchaguzi wa rais ilikosea. Hamkupiga magoti. Sisi tuliotoka kwenye nchi ambako mwandishi anaweza kutoweka usiku tuliiona thamani ya jambo hilo, na nilipokuwa nawaeleza wenzangu kanisani, mzee mmoja alisema tuwaombee. Tuliwaombea.

Kwa hiyo naomba, na naomba kwa majina ya mahali.

Wekeni mwandishi Waterloo. Wekeni mwingine Storm Lake au Marshalltown, miji mingine ya nyama, akae huko, apange nyumba huko, watoto wake wasome shule ambako watoto wa wakata nyama wanasoma. Atakayesafiri kutoka Des Moines mara moja kwa mwezi ataambulia taarifa ya msemaji wa kampuni na kurudi nayo. Kotz alifanikiwa kwa sababu alikaa na jambo moja mpaka likaiva. Na mwandishi huyo apewe fungu la mkalimani. Mkalimani wa kulipwa, mtu mzima. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja alipokalimani maongezi ya daktari na mama mwenye mimba iliyoharibika. Mtoto asibebeshwe mzigo huo tena kwa ajili ya gazeti.

Habari inapogusa usalama wa watu, maji, ugonjwa, tufani, au kiwanda kufungwa, itoeni kwa Kiswahili pia, fupi, ya kusikilizwa, ili iweze kupita kwenye WhatsApp ileile unakopita uongo. Dakika mbili za sauti zinatosha. Juni 2025, kwa sababu ya nitrati, kemikali inayotoka hasa kwenye mbolea za mashambani, kwenye mito yetu, watu wa Des Moines na vitongoji vyake walikatazwa kumwagilia bustani ili mitambo ya kusafisha maji iweze kumudu. Katika jengo tunaloishi watu walisikia nusunusu, na akina mama wawili wakaacha kuwapa watoto maji ya bomba, wakanunua soda. Mwandishi wenu James Risser alipata Pulitzer ya pili 1979 kwa kuandika jinsi kilimo kinavyoharibu ardhi na maji. Mambo haya mnayajua kwa miaka zaidi ya arobaini. Tuambieni na sisi tunaoyanywa.

Kurasa za maoni zirudishieni uzito wake. Najua ni kazi ya gharama na huleta ugomvi. Lakini mwaka 2018 Andie Dominick alipata Pulitzer kwa tahariri zake kuhusu wagonjwa maskini wa Iowa walioumia pale Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, ilipokabidhiwa kwa makampuni. Miongoni mwa watu hao walikuwamo jirani zangu, ingawa hawakujua kuna mtu anawatetea kwa maandishi.

Na maktaba yenu ya magazeti ya zamani, tangu kile kibanda cha magogo, ifunguliwe bila malipo katika maktaba za umma za kaunti zote 99. Watu wa Iowa ndio waliowapa habari hizo: vifo vyao, harusi zao, mavuno yao. Mtoto wangu akitaka kusoma jinsi mji uliompokea ulivyowapokea wakimbizi wa Vietnam na Laos miaka ya 1970, asiombwe kadi ya benki.

Mkiona haya ni mengi, anzeni na moja. Anzeni na mwandishi mmoja katika mji mmoja wa nyama, kwa mwaka mmoja. Sisi tutalipia usajili. Nimeshazungumza na watu katika makanisa matatu na msikiti mmoja, na nina daftari lenye majina ya kaya ambazo ziko tayari kulipa kila mwezi iwapo kutakuwa na mtu wa kumpigia simu na akaja. Daftari hilo nitalileta ofisini pamoja na barua hii.

Yule dada wa Fizi bado yuko katika mji uleule. Anauza maandazi na chai ya maziwa kwa watu wanaotoka zamu ya jioni, mkono mmoja ukifanya kazi ya miwili. Ile karatasi anayo, bado imekunjwa mara nne. Zamu hutoka saa tano na nusu usiku. Mkimtuma mwandishi, nitaendesha mwenyewe kwenda kumpokea, na usiku huo wa kwanza nitamkalimania mimi.

Wenu katika kungoja jibu,

Msambazaji wenu wa zamani,
Des Moines, Iowa